Daftari la Maandazi

Hapa Berega mwizi akiacha wizi, wazee wa kanisa husema ameokoka, na vijana wa bodaboda husema amependa. Sisi tunaoandika haya ni mume na mke. Tulimlea binti aliyependwa na mwizi mmoja wa hapa kwetu, na kwa kuwa tumeulizwa mara nyingi ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea, tumeona tuandike pamoja yale tuliyoyaona. Majina hatutayataja. Wenyewe wameturuhusu, lakini wana watoto shuleni, na si vizuri mtoto akutane na habari za baba yake kitabuni kabla hajaambiwa na baba mwenyewe.

Wapo wapendwa wanaoona haya kusema kwamba Mungu alimtumia msichana muuza maandazi. Wangependa kijana yule awe ameokoka kwenye mkutano wa injili, mbele ya vipaza sauti. Mikutano hiyo alihudhuria. Mmojawapo alitoka na simu ya mtu.

Msomaji asiyeijua Berega aiweke hivi: unaiacha barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, unaelekea kwenye milima ya Ukaguru, unafika penye hospitali ya Kanisa Anglikana. Sehemu kubwa ya maisha yetu huizunguka hospitali hiyo. Wagonjwa hutoka mbali, na ndugu zao huja nao. Wanapika, wanafua, wanangoja. Anayengoja lazima ale. Ndiyo maana alfajiri, kabla jogoo hajamaliza, utaona moshi wa wauza uji na maandazi, na katika moshi ule alikuwamo binti yetu. Tunamwita binti yetu, ingawa ni mtoto wa dada aliyetangulia mbele za haki. Sisi Wakaguru huhesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake, na mmoja wetu ndiye huyo mjomba. Mwingine ndiye aliyemfundisha kukanda unga.

Kijana mwenyewe hakuwa mgeni. Injili ilifika Ukaguru kabla ya karne ya 19 kuisha, kwa hiyo wezi wetu nao wana majina ya ubatizo. Huyu alibatizwa hapa, akapata kipaimara hapa, akaanza kuiba hapa hapa. Kwanza mahindi mabichi shambani, kisha kuku, kisha mbuzi. Usiku wa mvua ndio uliokuwa wake, maana mvua hufuta nyayo na watu hawatoki nje kwa kelele ndogo. Kufikia asubuhi mbuzi alikuwa ameshauzwa barabarani na kuchunwa.

Kuiba mnyama si jambo dogo katika nchi yetu, na Kilosa tunalijua hilo zaidi ya wengi. Sungusungu walianza huko Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, baada ya vita vya Kagera kuacha silaha mikononi mwa watu. Hapa wilayani, wakulima na wafugaji wamewahi kumwaga damu. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, mbuzi akipotea usiku, asubuhi watu hawaulizi kwanza ni nani. Wanaulizana panga liko wapi. Mwizi akikamatwa na watu wenye hasira, mara nyingi hafiki polisi. Kwa hiyo tulipokuwa tukimwona kijana yule akipita, tulimwona kama mtu ambaye siku yake imeshapangwa, bado tarehe tu.

Kisha mama yake akalazwa.

Alikuja kumuuguza kama mtoto yeyote. Siku ya pili hakuwa na fedha, akamwomba binti yetu uji na maandazi kwa mkopo. Binti alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika wadeni wake. Akamuuliza jina. Kijana akajibu, "Andika tu kijana." Binti akasema daftari halina kijana, lina majina. Basi akalitaja jina lake la ubatizo, ambalo kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuwa amemwita. Kijijini alikuwa na jina la utani, na jina lile hatuwezi kuliandika katika kitabu cha kanisa.

Mtu anaweza kucheka kwamba mambo yote yalianzia kwenye deni la shilingi 1,400. Lakini tafakarini jambo hili. Mwizi anaishi kwa kutojulikana. Akiingia zizini jina lake lazima libaki nje. Yule msichana alimjua kuwa ni mwizi, maana nani hakujua, akaandika jina lake na kiasi, akampa uji. Siku ya nne kijana alileta fedha. Binti hakuipokea mpaka amwambie ameitoa wapi. Akasema amepasua kuni za ndugu wa wagonjwa tangu asubuhi, na akaonyesha viganja. Ndipo akaipokea na kupiga mstari juu ya jina lake. Kijana alituambia baadaye kwamba mstari ule aliutazama sana. Hajawahi kuona jina lake likifutwa kwa sababu nzuri.

Mama yake alipona akarudi nyumbani. Kijana hakurudi naye, au tuseme alirudi na kila asubuhi akawa barabarani tena, anapasua kuni, anachota maji, anakunywa uji kwa fedha taslimu. Binti akaanza kubaki na maandazi mawili chini ya kitambaa. Sisi si watoto, tuliona.

Akatuma mshenga. Tulimrudisha, na uamuzi ule tunausimamia hadi leo. Mmoja wetu alisema hatutamwoza marehemu dada kwa mwizi, kwa sababu mtoto ni dada. Mwingine alisema kijana anaonekana amebadilika, lakini kuonekana si mahari. Tulikuwa na hofu moja iliyo wazi: kwamba anayempenda msichana hataacha kuiba, ila ataiba kwa ajili yake. Atamletea khanga asubuhi, na mwenye khanga yuko nyumba ya nne.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa amesoma vitabu vya John Kiriamiti wa Murang'a, Kenya, mzaliwa wa 1950, aliyeingia wizini akiwa mdogo, akaishia kuvamia benki, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha miaka 20 na viboko 48. Kitabu chake cha kwanza, My Life in Crime, kilitoka mwaka 1984, mwaka ule ule alioachiwa. Ndani yake yumo mchumba wake, Milly. Na mwaka 1989 alitoa kingine, My Life with a Criminal, ambacho anayesimulia ni Milly mwenyewe. Jioni zile tulikuwa tukipukuchua mahindi, na msomaji wetu akamsimulia mwenzake kisa chote kwa Kiswahili. Mwenzake akauliza swali ambalo hatukulala nalo vizuri: "Alimpenda kweli, sasa mbona aliendelea kuiba?"

Tulizungumza sana juu ya hilo. Tunavyoona sisi, mapenzi yalikuwapo, tena ya kweli, lakini mwanzoni Milly hakujua fedha zinatoka wapi. Alipewa mwanamume nusu. Ile nusu nyingine ilibaki gizani na kazi yake, na upendo hauwezi kuponya usichoonyeshwa. Kiriamiti aliacha wizi, lakini baada ya gereza, na baada ya kuyaandika yote kwa jina lake halali ili kila mtu asome. Hata hapo tunaona kwamba uponyaji ulikuja pamoja na kuandikwa.

Basi mshenga aliporudi mara ya pili tulimpa sharti. Tulisema, kijana aketi na binti, na daftari liwepo, aandikishe vyote alivyoiba na kwa nani. Si kwa kutuambia sisi. Kwa kumwambia yeye. Akikubali tutazungumza. Mshenga alitutazama kama watu waliokunywa, akaenda.

Waliketi siku tatu barazani kwetu, mbele ya macho yetu lakini mbali na masikio. Orodha ilipokamilika ilikuwa hivi: mbuzi 9 kutoka nyumba sita, kuku ambao idadi yao hakuikumbuka wakakubaliana kuandika 20, magunia 3 ya mahindi, simu 2, sola 1. Siku ya pili binti alilia, na tukadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Alifuta uso, akauliza, "Mwingine?"

Sasa malipo. Katika Kutoka 22 aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza hulipa kondoo wanne, na aliyeiba ng'ombe hulipa watano. Zakayo, katika Luka 19, alijitwisha hiyo mara nne yeye mwenyewe, bila kuagizwa. Lakini Zakayo alikuwa tajiri. Alikuwa na mahali pa kutoa. Mbuzi 9 mara nne ni mbuzi 36, na mwizi wa Berega hana hata kamba. Sura ile ile ya Kutoka inasema mwizi asiye na kitu auzwe, jambo ambalo kwa furaha tumeliacha. Tulikwenda kwa mchungaji na kwa mwenyekiti wa kijiji, maana toba isiyopita mbele ya serikali huonekana hila ya kukwepa polisi. Wenye mali waliitwa. Zilipigwa kelele, na mmoja alikuja na panga akalishikilia mapajani kikao chote. Mwisho wakakubali kuandikiana: mbuzi kwa mbuzi, na juu ya kila mbuzi debe la mahindi kwa usumbufu. Ilikuwa nafuu kuliko Torati, na bado ilikuwa mzigo wa miaka miwili kwa mtu wa vibarua.

Hapo ndipo yalipotufika sisi. Mahari tuliyoitaja ilikuwa mbuzi 4 na fedha kidogo. Binti alituita jikoni, akasema kwa adabu yake yote, "Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo. Hao mbuzi wanne wapite mlangoni kwenu, waende kwa wenyewe." Mmoja wetu alinyamaza kwa hasira siku mbili. Mahari si biashara. Ni heshima ya ukoo, na ukoo ulikuwa na wengine waliongoja sehemu yao. Wapo waliosema tunamtoa mtoto bure kwa mwizi, na wapo ambao hawakuja arusini kwa sababu hiyo.

Kilichotuamua ni waraka mfupi kuliko zote za Paulo, ule kwa Filemoni, ambao kanisani husomwa mara chache na kwa haraka. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ameondoka kwa bwana wake. Biblia haisemi wazi kwamba aliiba, ila Paulo anaandika kuwa kama kuna deni lolote liwekwe kwenye hesabu yake yeye, na anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulipa. Tulizoea kuusoma waraka huo tukifikiri juu ya msamaha. Safari hii tuliona hesabu. Paulo, mzee aliyefungwa, hana kitu, anamwita Onesimo mwanawe na kufungua daftari lake mwenyewe ili deni la mwingine liandikwe humo. Na bado anamrudisha. Hamfichi. Onesimo alipaswa kutembea kwa miguu yake hadi kwenye mlango aliouacha, barua mkononi, bila kujua atapokewaje. Jina lile maana yake ni mwenye kufaa, na Paulo anacheza nalo kidogo, kama mzee anayetania ili mgeni asiogope.

Mbuzi wanne wakapita mlangoni kwetu. Tulikaa nao usiku mmoja, wakala majani yetu, asubuhi wakaenda.

Waliobaki watano kijana aliwalipa kwa tofali na alizeti. Alifyatua tofali kiangazi chote, akakodi shamba, akalima alizeti misimu miwili. Hatutasimulia kila mlango. Wengi walipokea na kucheka, kwa sababu kumwona mwizi mchana, anakuvutia mbuzi kwa kamba hadi kwako, ni jambo la kuchekesha. Mzee mmoja alikataa simu akasema tangu iibiwe amepata usingizi.

Mlango mmoja lazima tuusimulie. Mjane mmoja alikuwa na mbuzi mmoja tu, aliyemweka ili amuuze Januari kwa sare na madaftari ya mtoto wake wa kike. Mbuzi aliibiwa Desemba. Mtoto alikaa nyumbani, akapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, hakurudi shule. Kijana alipompelekea mbuzi, mama yule alimfunga mtini, akamwangalia, akasema, "Mbuzi amerudi." Kisha akaingia ndani. Mpaka leo hamwitikii salamu. Wapo kanisani wanaomsema kwamba ana moyo mgumu, na mwinjilisti mmoja alitaka kwenda kumfundisha juu ya kusamehe saba mara sabini. Tulimzuia. Hatuoni kama mtu aliyeibiwa miaka ya mwanawe anadaiwa na yeyote kitu chochote, hata salamu. Kijana naye haombi. Kila msimu wa kulima humpelekea jembe lake na siku moja ya mikono yake, analima bila kuzungumza, na mama yule humwacha alime.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu kama desturi yetu ilivyo. Jumapili ya pili, katekista alipouliza kama kuna mwenye kizuizi, mtu alisimama nyuma. Alikuwa baba mdogo wa bwana harusi. Akasema hana kizuizi na ndoa, ana kizuizi na baiskeli. Kanisa likaangua kicheko. Binti yetu hakucheka. Aligeuka kumtazama mchumba wake, nasi tuliokaa nyuma yake tuliona shingo yake ikikaza. Baiskeli haikuwamo kwenye daftari.

Nje ya mlango wa kanisa alimuuliza. Kijana alisema, "Ya baba mdogo niliihesabu ya nyumbani." Huenda ni kweli; wengi huhesabu hivyo. Binti alisema, "Niliuliza mwingine, ukasema hakuna." Kisha akamwomba katekista kalamu, akaandika baiskeli 1 chini ya sola, akasema arusi isubiri hadi baiskeli ilipwe. Chakula kilikuwa kimeshapangwa, akina mama wameshachanga mchele. Tulimsihi, kwa kuwa ilikuwa aibu na gharama. Hakubadilika. Alikuwa anampenda, usiku tulimsikia akilia. Lakini alijua, kuliko sisi, kwamba akiolewa na mtu mwenye baiskeli moja nje ya daftari, ataishi miaka yote akisikiliza mlango usiku wa mvua.

Baiskeli ililipwa baada ya mavuno ya alizeti. Walifunga ndoa mwezi uliofuata, na baba mdogo alikuja akiiendesha.

Je, aliokoka au alipenda? Mmoja wetu bado anasema vijana wa bodaboda wana haki kidogo: bila msichana yule, asingekaa kitako kuhesabu kuku. Mwingine anajibu kwamba Paulo, katika Waefeso 4:28, hakumwambia mwibaji aache tu, alimwambia afanye kazi kwa mikono ili awe na cha kumpa mhitaji. Na kwamba mtu hawi na mikono ya namna hiyo kwa sababu ya macho ya msichana. Tumebishana hivyo jioni nyingi, na hatuoni sababu ya kuacha. Tunachokubaliana ni kwamba aliombwa jina na akalitoa, na Mungu alikuwapo pale penye moshi wa uji kama anavyokuwapo madhabahuni.

Katika orodha, jina moja halijapigwa mstari. Mwenye mbuzi wa saba alihama na familia yake kabla malipo hayajaanza, wengine wanasema alielekea Turiani. Kijana, ambaye sasa si kijana tena, alimnunulia mbuzi jike na kumfunga katika zizi lake mwenyewe, upande wa kushoto. Huwauliza madereva wa malori ya mahindi habari za mtu huyo. Mbuzi yule amezaa mara tatu. Maziwa wanakunywa watoto, kwa sababu maziwa hayangoji mwenyewe, lakini wadogo wote wako kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, dume na jike, na tarehe zao.